Bastola Ndogo kwa Mkono Mdogo

"Bastola ndogo kwa mkono mdogo, dada. Hiyo ndiyo kanuni."

Uongo mtupu. Na aliyeusema, muuzaji Delmas Tackett, alijua kuwa ni uongo hata kabla haujamtoka mdomoni. Lakini katika duka la silaha la Stidham, pale mjini Ballard Fork, maneno hayo yalikuwa yameambiwa wanawake wengi mno hata yakageuka desturi, kama salamu. Mwanamke akisukuma mlango, kabla hajasema shida yake, muuzaji keshainama kwenye kaunta ya kioo kumtolea kibastola kifupi, chepesi, chenye mpini wa rangi ya waridi. Wanaume wa milima hii ya Kentucky wanazijua bunduki, hapo usibishane nao. Mikono ya wake zao ndiyo hawaijui.

Aliyeingia asubuhi ile alikuwa Ardith Slone, mjane wa Hobert, na hakuja mikono mitupu. Alikuwa na kitu alichokifunga kwenye taulo la jikoni, lile lenye jogoo mwekundu aliyemdarizi mwenyewe, akakilaza juu ya kioo taratibu. Delmas hakuhitaji kufunuliwa. Alijua kilichomo kwa jinsi kilivyogonga kioo. Ilikuwa rivolva ya Hobert, bastola ya kizamani ya silinda inayozunguka, ya chuma kizito, tundu sita za risasi, mtutu wa urefu wa kiasi, mpini wa mti wa jozi uliong'arishwa na kiganja cha mtu mmoja kwa miaka mingi.

Lo! Mate yalimjaa Delmas mdomoni. Jamani, mtu mzima, mstaafu wa mgodi, mhudumu wa kanisa, anatokwa mate kwa mali ya marehemu.

Delmas na Hobert walichimba makaa ya mawe pamoja tangu ujanani, na kila Jumamosi walikwenda kwenye machimbo ya wazi yaliyoachwa, kule juu ambako kilabu cha wapiga shabaha sasa kina uwanja wake, wakapanga makopo na kuyapiga. Hobert alikuwa na shabaha. Delmas alikuwa na ugonjwa. Ugonjwa wake ni ule wa watu wengi: kidole kikianza kuvuta, mwili unasubiri mlio na teke la bastola, mkono unashtuka kabla ya wakati, mtutu unainama, risasi inazikwa kwenye udongo. Ni Hobert aliyemtibu. Alikuwa anageuka, anampa mgongo, anajaza silinda, risasi nzima hapa, ganda tupu pale, anaifunga na kumpa. "Piga." Delmas anavuta, nyundo inaangukia ganda tupu, hakuna mlio, lakini mtutu umekwisha kuinama. Hobert anacheka mpaka anakohoa.

"Umejiona? Humo hamna kitu, bwana wee! Unapigana na kelele isiyokuwepo."

Akamfanyia hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka mkono ukatulia. Na katika kutulia huko ndipo tamaa ilipoingia. Delmas alimwomba amuuzie ile rivolva, akamwomba tena, akamwomba mpaka ikawa mzaha kati yao.

"Subiri nife kwanza, Delmas," Hobert alikuwa akijibu.

Basi akafa. Vumbi la makaa lilimla mapafu, akamalizikia kwenye kiti chake cha barazani, na wakamzika kilimani nyuma ya nyumba yake, kwenye makaburi ya akina Slone, mahali ambapo Ardith akiosha vyombo anauona msalaba wake dirishani. Delmas alijitwika kazi ya kufyeka nyasi za kaburi lile. Hakuna aliyemtuma. Alipanda mwenyewe na mashine yake, akafyeka, kisha Ardith akamwita barazani wakanywa chai baridi yenye sukari nyingi. Kwa hiyo msiseme hakumpenda rafiki yake. Alimpenda. Hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe baya.

"Wamevunja kibanda cha vifaa," Ardith alisema pale dukani, akivuta pumzi. "Wamebeba misumeno ya Hobert. Kisha wakajaribu mlango wa nyuma, mimi niko kanisani. Wanatafuta vidonge vyake vya maumivu, nadhani."

"Washenzi hao."

"Sasa Tamela kapiga simu."

Tamela ni binti yake, muuguzi kule Lexington, mwanamke wa maamuzi.

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Mama, ama uhamie kwangu, ama ujifunze kutumia bastola. Nitakuja Novemba, kabla ya Sikukuu ya Shukrani, nione kwa macho yangu. Ukishindwa hata kupiga karatasi, nyumba tunaiuza.' Hivyo hivyo, kama anampa mgonjwa dawa." Ardith akatazama nje. "Nikimwambia baba yako yupo kule nyuma, ananiambia baba hataondoka. Sasa mimi nimwache na nani?"

Delmas akatikisa kichwa.

"Basi niambie. Mimi sijui kitu. Hii ya Hobert itanifaa, au nichukue nyingine? Nataka ya kukaa nayo nyumbani, tena niweze kwenda nayo uwanjani nikajizoeze. Vidole hivi navyo vimeanza kukakamaa. Sema kweli, Delmas. Hobert alikuwa anakuamini."

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Chukua hii hii. Chuma kizito kinameza teke. Chepesi kinalitema lote kwenye kiganja. Ile rivolva ukiitia risasi za kawaida ni pole kama ng'ombe mzee. Kile kibastola chepesi hata wanaume wenye mikono kama makoleo wanakipiga mara chache, wanakitia mfukoni na kusema wameridhika. Delmas aliyajua hayo yote. Akaitazama rivolva ndani ya lile taulo la jogoo.

"Nzito hii, dada," akasema. "Itakuchosha. Hii ni ya mwanamume."

Ardith akaiinua kwa mkono mmoja. "Mbona siioni nzito? Nimebeba ndoo za makaa maisha yangu yote."

"Aa, kubeba ni kimoja, kulenga ni kingine." Akacheka, Mungu amsamehe. "Bastola ndogo kwa mkono mdogo, dada. Hiyo ndiyo kanuni."

Wakabadilishana, bastola kwa bastola. Ardith akapewa kibastola kipya cha mpini wa waridi, na Delmas, kwa ukarimu, akamwongezea kasha la risasi kali kabisa. Kwa ukarimu! Yeye mwenyewe aliona hivyo wakati ule. Stidham, tajiri wa duka, alilipwa na Delmas bei ya kibastola, kila kitu kikawa halali, na rivolva ya Hobert ikaenda nyumbani ikiwa bado imefungwa kwenye taulo lile lile.

Mkewe Oleta aliiona kesho yake alipokuwa akipanga nguo.

"Bastola ya Hobert inafanya nini kwenye soksi zako?"

"Nimeinunua."

"Kwa Ardith?"

"Dukani. Ardith alitaka nyepesi."

"Alitaka yeye, au ulimtakia wewe?"

"Wewe mwanamke, unajua nini habari ya bastola?"

"Mh," alisema Oleta, akafunga droo.

Siku za mwanzo Delmas alikuwa na furaha kama mtoto. Aliipaka mafuta, akaizungusha silinda apate kusikia ule mlio wake laini, akaenda nayo uwanjani asubuhi kabla watu hawajafika. Alipiga vizuri. Lakini kila alipoishusha alijikuta anageuka nyuma, kama kwamba kuna mtu anataka kumwonyesha, na nyuma hakuna mtu. Akawa anaifunga mapema na kurudi.

Kisha ikaja Jumapili. Kanisani kwao wimbo ukipamba moto watu hutoka vitini wakapeana mikono, kila mtu na kila mtu, wengine wanakumbatiana na kulia. Ardith alimjia Delmas akampa mkono wa kushoto.

"Wa kulia una nini?" Delmas aliuliza, na akautazama kabla hajajibiwa.

Ulikuwa umevimba. Kati ya kidole gumba na cha shahada ngozi ilikuwa imechubuka, pembeni imeingia rangi ya zambarau. Delmas aliijua alama ile kuliko daktari yeyote. Ndiyo alama ya kibastola chepesi chenye risasi kali.

"Aa, kifuniko cha chupa," Ardith alisema. "Nilikuwa nahifadhi maharage kwa majira ya baridi, kikakataa kufunguka."

"Pole, dada."

"Ahsante."

"Na... na bastola? Inakwendaje?"

"Inakwenda vizuri sana," alisema Ardith, akatazama viatu vyake. "Ulinichagulia vema."

Wimbo ukaendelea. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hata sentensi moja tu: dada, nilikosea, njoo tubadilishane. Hakuna ambaye angemshtaki. Lakini kusema nilikosea kungekuwa uongo mwingine, maana hakukosea, alidanganya; na kusema nilikudanganya, mbele ya watu wanaolia na kuimba, ulimi ulikataa. Akampa mkono mtu aliyefuata.

Wiki ile ile Ardith alikuja nyumbani kwao na keki ya matufaha makavu, ile ya matabaka ambayo hutengenezwa siku mbili na kuachwa ilale ipate kulainika. Aliileta kwenye sahani yake nzuri, ya urithi, yenye maua ya buluu pembeni.

"Ya nini hii, mama?" Oleta akashangaa. "Kuna harusi?"

"Ni ya Delmas. Kwa kunisaidia. Angekuwa mtu mwingine angenitoza pesa tele, mimi mjinga wa vitu hivyo."

Alipokwisha kuondoka, Oleta alikata kipande akakiweka mbele ya mumewe, akasimama, mikono kiunoni.

"Kula."

"Sina njaa."

"Keki umepikiwa wewe. Kula."

Alikula. Ilikuwa keki nzuri kupita kiasi, na ilimshuka kooni kama mchanga. Sahani ikaoshwa, ikakaa juu ya friji, na kila Delmas alipoingia jikoni kuchukua maziwa, ilikuwa hapo mbele ya macho yake. Oleta alimwambia aipeleke. Alisema atapeleka akienda kufyeka makaburini. Lakini hakwenda kufyeka. Mara mgongo unauma, mara mashine haina mafuta, mara majani yamekwisha kupigwa na baridi, hayakui tena. Ukweli ni kwamba hakuweza kusimama mbele ya msalaba wa Hobert, na hakuweza kukaa barazani na kunywa chai ya mtu yule. Naye Ardith, kule kilimani, alipiga tena risasi chache kwenye shina la mti nyuma ya kibanda, akalia kwa maumivu, akakifungia kibastola kwenye kopo la unga. Hakumwambia mtu. Aliona aibu. Alidhani ubovu ni wake.

Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Tamela akaja.

Delmas ndiye aliyekuwa msimamizi wa uwanja siku hiyo, mwenye kutoa amri ya kupiga na amri ya kusimama. Aliliona gari la Lexington linapanda barabara ya changarawe. Kulikuwa na baridi kavu, na watu wengine walikuwa wamekwisha kwenda kula. Tamela alishuka na mama yake, amevaa koti refu, akamkumbatia Delmas.

"Mzee Delmas! Umemfundisha Mama?"

"Mama yako... hakuhitaji sana."

"Haya, tuone."

Ardith alivaa miwani na vizibo vya masikio. Alikitoa kibastola kwenye mkoba kwa vidole viwili, vile unavyomtoa panya kwenye mtego. Delmas alimwona anafumba macho kabla hata ya kuvuta. Mlio ukagonga ukuta wa machimbo na kurudi, kibastola kikaruka juu, udongo ukapukutika mbali kabisa juu ya karatasi. Risasi ya pili mkono ulikwisha kuogopa, mtutu ukainama, ardhi ikafuka vumbi hatua chache mbele ya miguu yake. Ya tatu kikamgeukia kiganjani, akatoa sauti ndogo, akakiweka mezani. Kidonda cha zamani kilikuwa kimefunguka na damu ilikuwa inatiririka kuelekea kwenye kifundo cha mkono.

Karatasi ilikuwa nyeupe vile vile.

"Mama, mkono wako!"

"Si kitu."

"Si kitu vipi? Unatoka damu!" Tamela alimshika, akaanza kumfuta kwa kitambaa. Hakuwa na ukali; hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi, Mama. Umejaribu, nimeona. Basi tena."

"Nipe siku nyingine."

"Za nini? Mwizi akiingia utamwambia ngoja, kesho? Nimeshaongea na dalali. Chumba chako nimekipaka rangi."

"Si kosa la bastola," Ardith alisema. Machozi yalikuwa yamemlenga lakini alikuwa anayazuia, mama yule. "Msije mkamlaumu Delmas. Alinichagulia nzuri. Ni mimi tu. Mimi si mtu wa bastola." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nani atakaa karibu na baba yako?"

Delmas alikuwa amesimama kando na kijibendera chake chekundu mkononi. Rivolva ilikuwa garini, chini ya kiti, hatua chache tu kutoka alipo. Alijua akiitoa, kila kitu kitatoka nayo. Alijua pia kuwa akinyamaza hakuna atakayejua, milele. Nyumba itauzwa, Ardith ataondoka na aibu isiyo yake, na yeye atabaki na rivolva nzuri kuliko zote Ballard Fork. Alifikiri habari ya tajiri wake, ya kanisa, ya Tamela ambaye alimbeba mabegani alipokuwa mdogo. Alifikiri kila kitu isipokuwa lile la kufanya, na miguu ikatangulia yenyewe.

Akarudi na taulo lenye jogoo.

Ardith alilitambua taulo kabla ya kilichomo. Aliliangalia, akamwangalia Delmas, akaliangalia tena. Alikuwa amelitafuta sana taulo lile.

"Jaribu hii," Delmas alisema. Sauti yake haikuwa yake. Alijaza risasi pole, tundu zote sita, akamwekea mkononi. "Shika kwa mikono miwili. Usiharakishe. Macho wazi."

Ardith aliinua. Uzito ule ukatulia kwenye viganja vyake, na mtutu ukakaa. Akavuta. Mlio ulikuwa mdogo, na bastola ikasukuma mkono kidogo tu, kwa adabu. Kwenye karatasi pakatoboka tundu, chini ya kati, upande wa kushoto. Akavuta tena. Na tena. Hazikuwa shabaha za Hobert, lakini zote ziliingia kwenye karatasi, na za mwisho zilisogeleana.

"Khaa!" alisema Tamela. "Mama!"

"Jaza tena," Ardith alimwambia Delmas, bila kumtazama.

Akajaza. Akapiga tena, vizuri zaidi ya mwanzo. Tamela alikuwa anacheka, anapiga makofi, kisha akasogea, akaitazama ile bastola mikononi mwa mama yake.

"Si ya Baba hii? Mama, si uliniambia ulibadilishana na duka?"

Upepo ulipita. Delmas alifungua mdomo. Alikuwa tayari, nadhani. Nataka kuamini alikuwa tayari. Lakini Ardith alitangulia.

"Delmas alikuwa ananitunzia," alisema. "Kulikuwa na kitu cha kurekebisha. Sasa kimekwisha."

"Mzee Delmas, Mungu akubariki," Tamela alisema, akamkumbatia kwa nguvu. Delmas akabaki amesimama pale, mikono ikining'inia, uso umemwiva kwa joto katika baridi ile, naye akipewa baraka. Matusi angeyaweza. Hata angetemewa mate angeyafuta. Lakini kufichiwa aibu na mtu uliyemwibia, tena akakufichia bila kukuuliza, hilo hakulijua lingekuwa zito namna ile.

"Basi nimpigie dalali kabla hajaleta watu," Tamela alisema. "Huku hamna mtandao, nashuka mpaka barabarani. Mama, nyumba ni yako. Ila mlango wa nyuma ubadilishwe!"

Gari likashuka. Wakabaki wawili.

Ardith alivifuta vidole vyake damu kwenye aproni aliyoivaa chini ya koti. Kisha akakichukua kile kibastola cha mpini wa waridi, akamgeuzia Delmas mgongo. Delmas akasikia silinda ya kibastola inafunguka, akasikia vitu vinaingia kimoja kimoja, na silinda ikafungwa. Alikuwa ameuona mgongo wa namna hiyo mara nyingi, mahali hapa hapa, lakini ulikuwa wa mtu mwingine.

"Hobert alinihadithia habari za ugonjwa wako," Ardith alisema, akampa. "Piga."

"Dada Ardith..."

"Piga."

Akajiweka sawa mbele ya karatasi, akavuta. Hiyo ilikuwa nzima. Ikamgonga kiganjani kama nyundo, mpaka kwenye kiwiko, macho yakamtoka machozi, na alikuwa mtu wa mkono mkubwa. Akavuta tena. Ganda tupu. Nyundo ikalia kak, na mtutu, peke yake, ukainama chini kama kuku anayedonoa. Hakuna mtu aliyecheka.

"Inauma?" aliuliza Ardith.

"Inauma."

"Na wewe ni mwanamume."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Alikuwa na mengi ya kusema. Kwamba duka zima husema hivyo. Kwamba Stidham ndiye aliyeanzisha. Kwamba Hobert mwenyewe alisema subiri nife. Akayatazama maneno hayo yote kichwani, hakuna hata moja lililokuwa na uso wa kutokea mbele ya mama yule.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoiweka juu ya kioo."

Ardith akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu aliyeambiwa bei. "Zimebaki humo. Malizia."

Akamalizia. Kak. Kak. Kak. Zote zilikuwa maganda matupu, na kila mara mkono wake uliogopa, na kila mara Ardith aliutazama. Ilipokwisha, alikipokea kibastola, akakihakikisha kitupu, akakilaza mezani upande wa Delmas. Rivolva ya mumewe akaifunga kwenye taulo la jogoo, akaifunga vizuri, pembe juu ya pembe.

"Nilikuwa nadhani ni mimi," alisema. "Usiku nilikuwa nalia kwamba Hobert aliniacha na nimeshindwa kitu kidogo hivi. Nikakupikia na keki."

"Dada, nisamehe. Mungu ni shahidi, nisamehe."

"Nitakusamehe, Delmas. Kanisani lazima tupeane mikono, nitakupa. Ila sahani yangu mpe Oleta aniletee. Wewe usipande tena kule kwangu."

Gari la Tamela lilikuwa linarudi. Lilisikika kwenye changarawe.

"Na kaburi?" Delmas aliuliza. "Majani yake yatakuja kuota tena."

"Nitafyeka mwenyewe," alisema Ardith, akaenda kumlaki binti yake akiwa ameikumbatia bastola ya Hobert kifuani.